Kimya cha Kilo Arobaini

Jumatatu, 4 Machi

Nimerudi kazini leo. Mvua nayo imeanza leo, utadhani tulipeana ahadi. Maabara yetu imeezekwa bati tupu, haina dari, na bati likishaanza kupigwa hatuwezi kufanya chochote, maana kazi yetu ni kusikiliza. Tunachukua kipande cha shaba, unene wa penseli, kilichokuzwa polepole hadi kikawa fuwele moja, atomu zake zimejipanga safu kwa safu kutoka ncha hadi ncha. Tunakivuta kwa mashine huku kidude cha kunasa mlio kimebandikwa ubavuni. Ukitazama kwa macho, shaba inarefuka kwa upole. Ukisikiliza, inarefuka kwa vishindo: safu zinateleza, zinakwama, kisha moja inajinasua na kuzikurupusha nyingine, na zote zinakwenda kwa mpigo. Vishindo vidogo ni vingi mno, vikubwa ni vichache, na hapo katikati ni kimya.

Fuwele hizo alikuwa anazikuza mume wangu. Mimi nilikuwa nasikiliza. Alifariki Oktoba. Kiti chake amepewa bwana mmoja kutoka idara ya hesabu, mtu mzima, mwembamba, anayepiga mluzi bila kujijua. Kila akifungua mdomo lazima aseme "kwa wastani", kwa hiyo nimeshampa jina. Wastani. Simpendi.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Hatukupima.

Ijumaa, 8 Machi

Profesa, mkuu wetu, aliniita ofisini akafunga mlango, jambo ambalo hafanyi hata akimfukuza mtu kazi. Mashine ya kuvutia inahamishiwa chuo kingine mvua zikiisha.

"Kile kipande," alisema, akiitazama meza. "Ukitaka kipimwe, kipimwe kabla haijaondoka. Ukikipeleka kwenye mashine nyingine hesabu hazitalingana. Na ukitaka kisipimwe, mimi sina neno."

Kipande anachokisema ni cha mwisho alichokivuta mume wangu. Niandike mara moja yaliyotokea, nisiyarudie kila siku.

Siku ile nilikuwa natoka hospitali. Mimba yetu ilikuwa imeharibika, nikalazwa, na mchana daktari akaniruhusu. Nilimpigia simu mume wangu. Akasema, "Nina kipande kwenye mashine. Nikifika kilo arobaini nasimamisha, nakuja kukuchukua. Usiondoke hapo." Nikakaa kwenye benchi la langoni, begi langu magotini. Dhoruba ikapita mjini, umeme ukakatika, ukarudi kwa nguvu na kuunguza kompyuta ya maabara na vyote vilivyokuwa ndani yake. Jioni gari lililokuja kunichukua lilikuwa la Profesa. Mume wangu alikuwa amekutwa kwenye korido. Mshipa ulipasuka kichwani. Mwisho wa korido ile kuna mlango wa kutokea, na kando ya mlango kuna kisanduku cha fyuzi.

Kwa hiyo sijui. Labda alisimamisha kwenye arobaini kama alivyosema, akawa anakuja kwangu. Labda aliendelea kama kawaida yake mpaka umeme ukakatika, akawa anakwenda kuangalia fyuzi. Umeme ukikatika, mashine inaachia yenyewe, kwa hiyo nayo haina la kusema.

Kipande ndicho kinachojua. Shaba iliyowahi kuvutwa, ukiivuta tena inakaa kimya mpaka uzito ufike pale ulipofika mara ya kwanza. Ukipita hapo tu, vishindo vinaanza. Kimya kikiishia kwenye arobaini, alikuwa njiani. Kikizidi, nilikuwa namngoja mtu ambaye hajaanza hata kuinuka.

Na ni mara moja tu. Ukishapita alipofika yeye, alama yake imefutika.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua. Hatukupima. Nilifurahi.

Alhamisi, 14 Machi

Mama mkwe amehamia kwangu tangu msiba. Vyumba vyetu vinatazamana, na kila mmoja anajifanya hamsikii mwenzake akilia. Mume wangu alikuwa kitinda mimba wake. Leo mimi nilikuwa namenya viazi, yeye anachambua mchele, akaniuliza hicho kipande ninachokizungumzia na Profesa kwenye simu ni kitu gani.

"Ni kazi yake ya mwisho, Mama. Kiko vilevile alivyokiacha. Shaba inakumbuka."

"Inakumbuka nini?"

"Ilichofanyiwa."

Akaacha mchele. "Kwa hiyo alichokisikia siku ile kimo humo ndani?"

Nilipaswa kusema hapana. Maji yalikuwa yanachemka, nikainuka kuyapunguzia moto, na nilipogeuka uso wake ulikuwa umechangamka kwa mara ya kwanza tangu Oktoba. Nikanyamaza. Nikaendelea kumenya viazi.

Jumanne, 19 Machi

Mvua. Mama anauliza ni lini.

Ijumaa, 22 Machi

Asubuhi mvua ilikatika, tukavuta vipande vya kawaida. Wastani ana mchoro wake ambao anaukusanyia vishindo vyote, maelfu kwa maelfu, vidogo huku na vikubwa kule. Mstari unashuka umenyooka kama rula. Alinionyesha kwa kidole. Ukipandisha ukubwa mara kumi, idadi inapungua kwa kiasi kilekile, na ukipandisha tena mara kumi, ni vilevile. Hakuna mahali unapoweza kuweka kidole useme kishindo cha kawaida ni hiki.

"Kwa hiyo hapa hakuna wastani," nikamwambia.

"Hakuna hata kidogo," akasema. "Ndiyo maana nilihamia huku. Kule kwetu nilikuwa nimechoka."

Nilicheka kabla sijajikumbusha kwamba simpendi. Kisha nikamuuliza lililokuwa moyoni. Kile kishindo kikubwa, kabla hakijaja, kuna dalili?

"Hakuna. Msukumo uleule ulioleta kidogo ndio unaoleta kikubwa. Nipe vishindo elfu, nitakwambia vikubwa ni vingapi. Nipe kimoja, kinachokuja sasa hivi, mimi na mlinzi wa getini tunajua sawasawa."

Daktari naye alisema hivyohivyo kuhusu mshipa. Lakini mimi kila siku nazirudia zile wiki za mwisho. Alisema kichwa kinamuuma, lakini siku hiyo hata mimi kilikuwa kinaniuma. Alisahau jina la jirani, lakini majina ya watu hakuwahi kuyaweza. Natafuta mahali ambapo ningemshika mkono nikamwambia twende hospitali, na sipaoni. Nilimchukia Wastani mchana kutwa kwa jibu ambalo ningelitoa mimi mwenyewe.

Jumatano, 27 Machi

Mvua. Hatukupima.

Jumanne, 2 Aprili

Leo nimemtukana mtu.

Kipande nilikuwa nimekiweka kwenye kopo la majani ya chai, kabati la mwisho. Nilifungua kabati asubuhi, kopo halipo. Nikageuka, nikaona tanuri linawaka.

Sisi, kabla ya kuvuta kipande chochote, tunakipitisha kwenye tanuri kwanza. Kinakaa motoni, kinapoa taratibu, safu zilizokwama zinajinyoosha, na yote yaliyowahi kukipata yanafutika. Tunaita kukisahaulisha. Mgeni hufundishwa hilo siku ya kwanza, na baada ya hapo hakuna anayeuliza. Unakusanya vilivyopo, unaingiza, unafunga.

Nilifungua mlango wa tanuri. Ndani kulikuwa na vipande safu nzima, vyekundu kwa moto, vyote sawasawa, huwezi kutofautisha kimoja na kingine. Niliketi chini, sakafuni. Wastani akaingia akipiga mluzi.

"Umemchoma mume wangu," nilimwambia.

Niliyoyasema baada ya hapo siyaandiki. Wazazi wake wamo, na hesabu zake zimo, na kiti pia kimo. Alisimama akasikiliza mpaka nilipoishiwa. Kisha akafungua droo ya meza yake akatoa kopo, limezungushiwa sweta.

"Kabati lile limepakana na tanuri," alisema. "Ubao wake unapata joto. Nilipima jana. Si joto la kutisha, lakini nikaona tusijaribu bahati. Nilitaka kukwambia asubuhi, ukanitangulia."

Alikwenda akachemsha chai, akaniletea, akakaa mbali nami na kikombe chake. Kumbe mtu huyu alikuwa anakilinda kipande kuliko mimi, na hakuwahi hata kumwona mwenye nacho.

Mchana nilimwomba radhi.

"Kwa wastani," alisema, "nimeshawahi kutukanwa vibaya zaidi."

Nikacheka, kicheko kikageuka kilio, na safari hii sikutoka nje kujificha.

Alhamisi, 4 Aprili

Mvua. Wastani ameacha kupiga mluzi. Nimemwambia apige.

Alhamisi, 11 Aprili

Nimemwambia Mama. Alikuwa ameshatoa sanduku chini ya kitanda na kuipiga pasi nguo yake nzuri, eti siku ya kwenda kusikiliza asionekane ametoka jikoni. Nilipoiona ile nguo imetundikwa mlangoni, nikamshika mkono.

"Mama, kaa kidogo. Alichokisikia yeye hutakisikia. Nilikosea kukuacha uamini hivyo. Ile milio ililia mara moja ikaisha."

Akaketi kitandani. "Ulisema inakumbuka."

"Inakumbuka kwa kunyamaza. Pale alipokwisha kupita hakuna mlio tena. Tukivuta, itakuwa kimya, kimya, mpaka tufike alipoishia."

"Kwa hiyo mnakwenda kusikiliza kitu kisicholia."

"Ndiyo, Mama."

"Na kikilia?"

"Kikilia, tumeshampita."

Alikuwa analivuta pindo la shuka. Nilingoja alie, au anilaumu, na ningestahili. Badala yake akaanza kucheka kwa pumzi tu, mabega yanatikisika.

"Mtoto huyu nyumbani unamwita mara tatu haitikii," alisema. "Kumbe kutwa nzima alikuwa anaitegea shaba masikio."

Nami nikacheka. Tulicheka mpaka ikawa si kucheka tena. Alipopangusa macho akaniambia atakuja vilevile. "Kelele zake nazijua tangu akiwa tumboni. Kimya chake ndicho sijawahi kukisikia."

Habari ya kilo arobaini sikumwambia. Hajui kwamba siku ile mwanawe aliniahidi kitu.

Jumanne, 16 Aprili

Mvua. Hatukupima. Lori la kuja kuchukua mashine limeshapangiwa tarehe, wiki ya kwanza ya Mei.

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua imelegea, na mimi nimeingiwa na woga. Mwanzoni nilikuwa nasubiri bati linyamaze. Siku hizi nikiamka nikasikia bati linanguruma nashusha pumzi na kuvuta shuka.

Niandike ninachokitaka, kwa kuwa hakuna anayesoma. Nataka iwe arobaini. Nataka kimya kikatike palepale, kwenye namba aliyoitaja kwa mdomo wake, nijue kwamba aliposimama kutoka kwenye kile kiti alikuwa anakuja kwangu, na kwamba katika korido ile alikuwa ananifikiria mimi na mtoto wetu ambaye hatukumwona. Nikiacha kopo lilivyo, nitabaki na waume wawili, aliyekuwa anakuja na aliyekuwa haji, na kila nikiamka nitachagua mmoja. Nimeishi nao hivyo tangu Oktoba. Nimechoka nao wote wawili.

Nilimuuliza Wastani angefanya nini. Alifikiri mpaka chai yake ikapoa.

"Mimi najua mambo ya vipande elfu," alisema. "Wewe una kimoja. Sina ninachoweza kukusaidia hapo, dada yangu, labda kubeba vitu."

Ni mara ya kwanza ananiita dada. Sikumkatalia.

Jumatatu, 29 Aprili

Nilifika kazini nikakuta watu juu ya paa. Wastani alikuwa ameomba magodoro chakavu ya bweni la wanafunzi na alikuwa anayatandaza juu ya bati, moja baada ya jingine, ameyafunga kwa kamba ya kuanikia nguo. Profesa alikuwa chini ameshika ngazi, tai ameitupia begani, analalamika kwamba akianguka mtu hapa yeye ndiye atakayeandika maelezo.

"Hata ikinyesha," Wastani alisema kutoka juu, "itanyesha kwa adabu."

Nimemwambia Mama, Alhamisi.

Alhamisi, 2 Mei

Tulifika asubuhi, Mama na nguo yake ya pasi. Manyunyu yalikuwa yanaanguka, na juu ya magodoro hayakusikika hata kidogo. Wastani alisimama akampisha Mama kwenye kiti. Sikuwa nimemwambia afanye hivyo. Nilimvalisha Mama hedifoni, mimi nikavaa nyingine. Kioo cha kompyuta nilikigeuza upande wangu, kwa sababu sikutaka mtu mwingine azione namba.

Kukifunga kipande kwenye mashine kulinichukua muda. Alama za meno ya mashine zilikuwa bado zipo kwenye ncha zake, alizoziacha yeye, nikazilenga zilezile. Kisha nikabonyeza.

Kilo tano. Kumi. Kimya chenyewe kina mvumo wake mdogo, wa umeme wa vyombo, na baada ya hapo hakuna kitu.

"Sisikii kitu," Mama alisema kwa sauti ya juu, kama watu wote wanavyosema wakiwa na hedifoni.

"Hapa alishapita, Mama."

"Alipita hapa."

"Ndiyo."

Akaitikia kwa kichwa na kufumba macho. Ishirini. Ishirini na tano. Kipande kipya kingekuwa kimeshapiga kelele za kutosha kujaza mchoro wa Wastani. Hiki kilikuwa kinavutwa na hakisemi. Kwenye thelathini na tatu nilisikia tiki, moja, kavu. Wastani alinyoosha kidole juu, kisha mezani. Tone lilikuwa limepenya pembeni ya bati likaangukia mbao. Akaweka leso pale, tukaendelea.

Thelathini na tano. Thelathini na nane. Mkono wangu ulikuwa juu ya kitufe cha kusimamisha. Nilikuwa nimefikiria jambo hili kitandani: nikisimamisha thelathini na tisa na nusu, nitakuwa na kimya chote na hakuna atakayenilaumu. Thelathini na tisa. Sikubonyeza.

Arobaini.

Kimya. Nikajiambia mashine haina usahihi kiasi hicho, kilo moja ni makosa ya kawaida. Arobaini na moja. Nikajiambia mbili. Arobaini na mbili, arobaini na tatu. Hakuna mashine inayokosea kilo tatu, na hii naijua, niliisawazisha kwa mikono yangu.

"Bado yupo?" Mama aliuliza, macho yamefumba.

Nilimtazama. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, amekunja mikono mapajani, anatabasamu. Kwake kila kilo ilikuwa nyongeza.

"Bado yupo, Mama."

Arobaini na sita. Saa ile, pale kwenye benchi, nilikuwa naangalia kila gari jeupe kama letu. Arobaini na nane. Mlinzi wa hospitali aliniuliza kama nina mtu wa kunichukua, nikamwambia ninaye, yuko njiani.

"Bado?"

"Bado yupo."

"Mtoto huyu," Mama alisema kwa upendo. "Ukimpa kazi haachi."

Hamsini. Dhoruba ilianza, nikahamisha begi chini ya benchi lisilowe, mimi nikabaki pale, kwa kuwa aliniambia nisiondoke. Hamsini na mbili. Nilikuwa na hasira naye ambayo sikuwahi kumwonea alipokuwa hai, na nilikuwa nampenda vilevile, na machozi yalikuwa yanadondoka kwenye vitufe. Hamsini na nne. Wastani aliona namba inavyonitenda, hakujua kwa nini, akaja akasimama nyuma yangu.

Hamsini na saba, shaba ikaanza kulia. Kwanza kidogo, kama mtu anayekwaruza meza kwa ukucha, kisha vishindo vikamwagika kimoja juu ya kingine.

Mama alivua hedifoni akaziweka mezani kwa uangalifu.

"Hapo ndipo," alisema.

"Hapo ndipo alipoishia, Mama."

"Alikwenda mbali."

"Alikwenda mbali."

Akanigeukia, akaniona. "Sasa unalia nini, mwanangu, na ulishajua kitakuwa kimya?"

"Nilimngoja sana, Mama."

Alinyanyuka kwenye kiti kile, akanishika uso kwa mikono miwili, akanifuta kwa ncha ya nguo yake ya pasi. "Hata mimi," alisema.

Mashine ilikuwa bado inavuta. Nikabonyeza kusimamisha, tukaenda nyumbani.